Nyumba Mpya, Jiko Mvuani

Ndugu msomaji, ukialikwa siku hizi kwenda kuitazama nyumba mpya, iwe Fuoni, Tunguu, Kianga au Bweleo, njia utakayopitishwa imeshapangwa. Utaanzia getini, utaingizwa sebuleni, utainuliwa macho uione jipsam ya dari na taa zake za rangi, utapelekwa chumba cha bwana na bibi chenye choo chake ndani, kisha mwisho utaoneshwa jiko. Litakuwa na vigae mpaka juu, makabati ya ukutani na sinki inayong'ara. Utalisifu, maana ndivyo adabu inavyotaka. Lakini chungulia sinkini: hakuna hata punje ya wali. Fungua kabati: glasi walizopewa harusini, bado zimo kwenye boksi. Hapo hakupikwi. Ukitaka kujua wanapopika ufuate moshi. Utafika uwani, nyuma ya tangi la maji, ambako bati moja limeegemezwa ukutani na kuwekewa tofali juu lisipeperuke. Chini yake yuko mtu amechutama mbele ya seredani, kipepeo mkononi, kanga kichwani kujikinga na manyunyu. Huyo ndiye mama mwenye nyumba.

Mimi nasema nyumba hiyo haijaisha, na aliyehamia ameihamia mapema, hata kama ameshasomesha Maulidi ya kuingilia.

Nisingelishika kalamu kwa ajili ya bati moja na tofali moja. Limenikera neno jengine linalosemwa mno mabarazani, kwenye daladala, harusini, na hata na wenye kutoa mawaidha: ati wanawake wa siku hizi hawapiki. Asubuhi mkate wa boflo wa dukani, mchana chipsi, jioni urojo uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Wako wapi, huulizwa, waliokuwa wakiamka alfajiri kukuna nazi, wakatwanga kisamvu, wakapika samaki wa kupaka na ndizi mbichi? Uvivu umeingia. Simu zimeingia. Hayo husemwa na mtu ambaye, ukimuuliza mkewe anapika wapi, atakuoneshea uwani kwa kidevu.

Nataka tuulizane juu ya kidevu hicho.

Sisi tulijenga kwa miaka kumi na moja. Mimi mwalimu, mzee wangu mtumishi wa serikali, kila mwezi tofali kadhaa, kila mwaka kozi mbili tatu, na mwaka wa harusi ya mtoto hatukuongeza hata moja. Tulihamia Fuoni mwezi wa Juni, kipupwe kimeshika. Ndugu zetu walioko Uingereza na Denmark wakisikia tunalalamika baridi hucheka sana, na wana haki, maana kipimajoto chetu kikishuka usiku wa Julai hakiendi mbali chini ya nyuzi 22. Lakini baridi ya Unguja ni ya upepo. Kusi linaanza kuvuma masika ikiisha, linapita juu ya bahari, linaingia kila tundu lililosahauliwa na fundi, na nyumba mpya isiyokauka vizuri chokaa na simiti yake inakuwa na ubichi unaoingia mifupani. Wazee wanajifunga kanga ya pili. Watoto hawataki kuoga mpaka maji yatiwe moto. Watu wanataka vitu vizito: uji wa mtama wenye pilipili manga, muhogo wa nazi, majimbi, mbaazi zilizolala majini usiku kucha, chai ya tangawizi inayokwaruza koo. Ijumaa kama mfuko unaruhusu, boko boko, ngano na nyama vikae motoni tangu asubuhi mpaka vivurugike vikawa kitu kimoja.

Sasa zitazame chakula hizo. Hapana hata moja inayopikika kwa robo saa. Zote zinataka moto mdogo, wa kudumu, usiochezewa. Na kipupwe, ndugu yangu, hakuna moto wa kudumu nje. Upepo ukivuma makaa yanawaka yote kwa pamoja, yanakwisha kabla ya maharage kulainika, na jivu linaruka linatua kwenye tui. Ukiweka kizingio cha bati, upepo unageuka. Debe la makaa lililokuwa likitosha siku tatu mwezi wa Februari halifiki siku mbili mwezi wa Julai, na tofauti hiyo inatoka kwenye mkoba wa matumizi wa huyo huyo anayeitwa mvivu. Na samaki nao ndio miezi yao ya kuadimika. Bahari ya mashariki inachafuka, wavuvi wa Makunduchi na Jambiani wanabaki ndani ya mwamba, changu anapanda bei, tunarudi kwa dagaa na pweza mkavu. Pweza mkavu nae umroweke, umchemshe, kisha ndipo umtie nazi. Ni saa mbili nyengine za kuchutama upepo ukikupiga mgongoni.

Mwambie mtu afanye hivyo kila siku kutoka Aprili mpaka Agosti, kwanza mvuani halafu upeponi, kisha umshangae akimtuma mtoto chipsi. Mimi simshangai. Namshangaa aliyejenga.

Kuna jambo moja kuhusu mafundi wetu ambalo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Fundi yeyote wa Unguja, hata aliyejifunza kazi kwa kubeba karai tu, kabla hajachora choo atauliza kibla kiko wapi. Kwetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa, na choo kitageuzwa mashariki na magharibi bila ya ubishi. Vizuri kabisa, hiyo ni heshima ya dini na simkosoi. Lakini fundi huyo huyo hakuniuliza upepo unatoka wapi, na sijapata kusikia aliyeulizwa. Na upepo wetu si kitendawili. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki tangu Disemba mpaka Machi, kusi hutoka kusini na kusini mashariki tangu Aprili mpaka Septemba. Misimu yote miwili upepo hauanzii magharibi. Basi weka jiko upande wa magharibi wa nyumba, lipe madirisha mawili yanayotazamana, moja likiwa juu chini ya dari, na moshi na harufu vitatoka vyenyewe, havitapita sebuleni kwa wageni wako unaowaogopa. Nilipomwambia fundi hivyo alimtazama mzee wangu. Mzee akamwambia, "Mwalimu keshasema." Jiko letu liko magharibi, na mlango wake unafungukia kwenye kibaraza chenye paa la bati lililofungwa kwa boriti na misumari, kimeinuliwa kwa simiti kiasi cha dhiraa moja ili mtu apike kwa kusimama. Ukubwa wake wote ni mita tatu kwa nne.

Watu huniambia jiko ndani ya nyumba ni uchafu, na kwamba wazee wetu walipika nje. Wazee wepi? Tuseme kweli. Aliyejenga nyumba ya mawe, Mji Mkongwe hapa au kule Lamu, alilifikiria jiko kabla hajapanga mawe. Lamu waliliweka juu kabisa, chini ya makuti, moshi upate kuondoka bila ya kushuka tena. Mjini kwetu nyumba nyingi zina ua katikati, na ua ule haukuwa wa kuanikia nguo tu, ulikuwa bomba la hewa: joto linapanda, hewa ya chini inavutwa. Na mashamba, banda la kupikia lilikuwa na kuta za fito na udongo na paa la makuti lililoshuka chini, mvua ya masika inyeshe itakavyo, mafiga matatu yako makavu. Hakuna mzee aliyemchutamisha mtu chini ya bati lililoegemezwa. Hiyo ni mila mpya ya watu wenye geti.

Wala sitaki kuusifia Mji Mkongwe zaidi ya haki yake, kwa sababu nimeishi ndani yake, Mkunazini, miaka kumi na tisa, chumba na nusu katika nyumba ya serikali. Baada ya 1964 nyumba zilizokuwa za familia moja ziligaiwa kwa familia tano, sita, na kila familia ikawasha moto wake pale ilipopata nafasi: ukumbini, chini ya ngazi, kwenye kizingiti. Jiko la asili lilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi. Makaa tuliyapandisha kwa gunia ngazi ya pili. Boriti za dari yetu zilikuwa nyeusi kama lami, na sidhani kwamba zilitoka mikokoni zikiwa na rangi ile. UNESCO iliuandika mji wetu katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tangu hapo nyumba moja baada ya nyengine imekuwa hoteli, na jiko la hoteli, nimeliona, lina feni ya kutolea moshi, lina bomba, lina mlango wa nyuma. Kumbe inawezekana. Mgeni wa siku tatu anapikiwa mahali pakavu penye hewa. Hata Michenzani, kwenye zile nyumba ndefu zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, waliochora walitia jiko ndani, ingawa wengi wetu tumewaona wakaazi wakitoa seredani kwenye roshani, kwani kilichochorwa hakikuwa jiko la makaa.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu si mzaha.

Mama yangu alipika kwa kuni na makaa zaidi ya miaka sitini. Miaka ya mwanzo ya 1970, mchele na unga na sukari vilipokuwa vya mgao, alipika muhogo kwa namna ambazo sijui kuzihesabu. Alikuwa mtu wa kuinuka saa kumi za usiku. Alipofika umri wa miaka sabini akawa hawezi kupanda ngazi tano bila ya kusimama. Tulimpeleka kwa daktari, kijana mpole, akamsikiliza mgongo, akamwuliza kwa heshima zote, "Bibi, umevuta sigara miaka mingapi?" Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kile hakikutaka kumwachia. Hakupata kutia sigara mdomoni katika umri wake. Alichokivuta ni moshi wa chakula chetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na wanaoshinda karibu na moto ni wanawake na watoto wadogo waliokaa mapajani. Hesabu kubwa kama hizo hupita masikioni. Mimi nikizisikia namwona mtu mmoja, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi na kusimama kupumua, anakuna na kusimama.

Na wale wanaoingiza seredani ndani mvua ikizidi, wakafunga mlango kwa ajili ya baridi? Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, na hapo ndipo penye hatari, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi. Mtu analala na haamki. Kila masika na kila kipupwe jambo hili lingepaswa kutangazwa misikitini kama linavyotangazwa tangazo la maiti, ili matangazo ya maiti yapungue.

Kuna wanaonijibu kwamba haya yote yatamalizwa na gesi. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imegaiwa kwenye mikutano na picha zimepigwa. Naiunga mkono gesi, ninayo, na sikubali kurudi nyuma. Lakini mtungi umepewa mtu asiye na pa kuuweka. Akiuweka uwani upepo unauzima moto na gesi inakwenda bure. Akiuweka katika lile jiko la vigae, madirisha yake ni ya vioo vilivyofungwa kabisa, anaogopa, na hofu yake ina msingi: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni, inahitaji tundu la chini la kutokea, na tundu hilo hakuna fundi aliyelitoboa kwa sababu linaharibu vigae. Matokeo yake mtungi unakaa pembeni umefunikwa kitambaa cha kufuma, na seredani inaendelea na kazi yake.

Wengine husema umeme. Hao nawakumbusha Mei 2008, ambapo Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waya mpya wa baharini wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013 na hali ni nzuri zaidi, namshukuru Mungu, lakini mtu aliyepika miezi mitatu ile hatojenga jiko la moto wa aina moja. Jiko la mtu wa kisiwani linataka gesi kwa chai na mchuzi wa haraka, linataka pahala pa seredani penye paa kwa yale yasiyopikika vyengine, na linataka maji ya ndoo yaliyo karibu, maana pampu nayo inakula umeme.

Ndiyo, yapo yasiyopikika vyengine, na hapa nawapa wapinzani wangu haki yao. Mkate wa kumimina unataka moto chini na makaa juu ya kifuniko. Samaki wa kupaka anataka makaa. Anayesema chakula cha makaa kina utamu wake simkanushi. Ninachomkatalia ni kudhani kwamba utamu ule unatokana na mateso ya mpishi. Samaki hajui kwamba aliyembanika amelowa mgongo. Mpandishe mpishi kibarazani, mpe paa na kiti, na samaki atakuwa yule yule, pengine bora, kwa sababu atageuzwa kwa wakati wake na mtu asiyekimbia mvua.

Imebaki fedha. Hakuna anayesema hana fedha mbele ya jipsam. Hakuna aliyeona sebule mbili ni gharama, moja ya wageni na moja ya televisheni. Geti la chuma lenye nakshi za simba, mnyama ambaye hata hatunae kisiwani, limepata fedha. Lakini mita tatu kwa nne za paa huambiwa zisubiri "tukimaliza", na nyumba ya Unguja, sote tunajua, haimalizwi.

Mimi kwangu jioni za Julai watu hawakai sebuleni. Masofa yako peke yao na vitambaa vyao. Wajukuu wanaleta madaftari ya skuli kibarazani, mzee anakuja na redio yake, jirani anaingia kuomba kaa la moto na anakaa mpaka Isha. Sufuria ya mbaazi inatokota pembeni bila ya mtu kuibughudhi. Mkwe wangu, ambaye alipokuja kwetu alisemwa na shangazi zake mwenyewe kwamba hajui kitu ila kuchemsha mayai, sasa anapika mkate wa maji, anapika vitumbua, na Ramadhani iliyopita boko boko ya nyumba nzima ilikuwa mkononi mwake. Hakuhubiriwa na mtu. Alipewa pahala pa kusimama.

Jirani yangu wa upande wa kusini amefikia linta. Ni mtu mwema, kijana, mkewe ana mimba ya pili. Ramani nimeiona, ameitandaza mbele yangu kwa furaha juu ya boneti ya gari: vyumba vitatu, sebule mbili, jiko la ndani la vigae lisilo na dirisha la pili, na uwani pameandikwa "baadae". Nimemwuliza mkewe amelionaje jiko. Akasema hajaoneshwa ramani. Zege linamwagwa Jumatatu. Ijumaa baada ya sala nitamwomba mzee anisindikize twende wote wanne pale kiwanjani, tusimame upeponi, kijana amwulize mkewe anataka moto wake uwe wapi, na fundi awepo asikie.